Ushuru wa mafuta uzibe mashimo barabarani

Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa humu nchini hutozwa ushuru maalumu wa kukarabati barabara. Ushuru huo uliwekewa sheria mwaka 1993 kwa shabaha ambayo mwananchi aliielewa na kuikubali: anayetumia barabara aigharimie, nazo fedha zake zitengwe kando kwa kazi hiyo. Mwaka 1999 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi ya Barabara ili isimamie hazina hiyo.

Tangu hapo mzigo umezidi kuwa mzito. Mwaka 2016 ushuru ulifika shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25. Walimu wa hesabu na wawaulize wanafunzi wao: matatu inayotumia lita 40 kwa siku hulipa kiasi gani? Jibu ni shilingi 1,000 kila uchao. Mwenye matatu hazitoi mfukoni mwake, bali huwatoza abiria. Mwenye kinu cha kusaga mahindi kijijini na mvuvi wa Ziwa Victoria mwenye mashua ya injini nao hulipa, ingawa mitambo yao haikanyagi lami kamwe. Hakuna basi Mkenya asiyechangia, hata yule atembeaye kwa miguu.

Ndiposa inatulazimu kuhoji hatua ya mwaka 2025, serikali ilipoweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili ipate shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Hatusemi madeni hayo yapuuzwe. Dawa ya deni ni kulipa, na wanakandarasi wasipolipwa, vibarua wao hulala njaa. Lakini madeni hayo yalitokana na pupa ya kuanzisha barabara mpya kabla ya kupata fedha za kuzikamilisha. Si haki fedha za kuziba mashimo ya leo zilipie pupa ya jana.

Barabara haiharibiki kwa siku moja. Mtaro huziba, maji yakatuama na kupenya kwenye ufa wa lami. Udongo wa chini hulegea, malori yakapita, shimo likazaliwa. Ufa ukizibwa mapema gharama huwa ndogo. Ukiachwa hadi msingi uoze, sharti barabara ijengwe upya. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala mvutano wa wabunge na magavana uliozuka mwaka 2024 juu ya shilingi bilioni 10.5 za hazina hii haukuziba hata shimo moja. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi: mkulima ambaye maziwa yake huganda njiani, mama mja mzito anayecheleweshwa kufika hospitalini, na mwanafunzi anayefika shuleni somo la kwanza likiwa limekwisha.

Twaihimiza serikali itimize mambo matatu. Kwanza, kila mwaka itangaze barabara zitakazokarabatiwa katika kila kaunti na kiasi kilichotengewa kila moja, na orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za machifu. Pili, isiweke rehani shilingi nyingine ya ushuru huu bila wananchi kushauriwa na Bunge kuidhinisha. Tatu, isianzishe barabara mpya kabla ya kuhakikisha zilizopo zinatunzwa.

Mwananchi amekwisha kulipa. Kilichosalia ni aione kazi ya fedha zake.