Waranti ya Maisha: Maisha ya Nani?

Kampuni nyingi za baiskeli za milimani zenye shokapu mbele na nyuma hujinadi kwa waranti ya maisha. Ukiisoma hati yenyewe, aghalabu maisha hayo ni ya fremu tu, tena mikononi mwa mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Beringi za viungo vya nyuma na sili za shokapu, yaani vile vinavyotafunwa na matope na vumbi, huhesabiwa kuwa vya kuchakaa na kuachwa nje. Anayeinunua mtumba, kama tununuavyo wengi wetu Afrika Mashariki, hupata baiskeli bila ahadi. (Na fremu ikiwa ya kaboni, fundi wa mtaani mwenye mtungi wa kuchomelea hana la kuifanyia.)

Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2019 humwajibisha muuzaji kwa miaka 2, kasoro ikiwa ilikuwapo tangu makabidhiano, kampuni iandike iandikavyo. Hiyo ni haki. Waranti ni hisani ya muuzaji, naye ndiye apangaye mipaka yake. Wabunge wetu wanaotunga sheria za mlaji tuwaulize: kwa nini dhamana isiifuate bidhaa hata ikibadili mikono, na vipuri vitauzwa kwa miaka mingapi baada ya modeli kuachwa?