Pasipoti ya Kumpigia Mgeni Makofi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Dodoma.

YAH: MASHABIKI WANAOSHANGILIA TIMU ZA WAGENI

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Suguti, Musoma Vijijini, kwa watu wanaovua dagaa usiku na kubishana mpira mchana. Barua hii haiombi uwanja wala jezi, ingawa vikiletwa havitarudishwa. Inahusu kauli iliyotoka kwenye ofisi yako Machi 2024, ambayo mashabiki wa huku hawajaisahau.

Simba na Yanga wakati ule zilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ikiisubiri Al Ahly ya Misri na Yanga ikiisubiri Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Waziri wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaonya kwamba atakayeonekana na jezi ya wageni aulizwe pasipoti. Vibanda umiza vya huku Majita vilicheka. Kicheko kilipoisha likabaki swali: kumbe mtu akipenda pasi ya mgeni amevuka mpaka?

Watu wa Mara wana sababu ya kuuliza. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19 na kushuka 2021/22. Katika misimu ile minne, siku Simba au Yanga inakuja Uwanja wa Karume, Musoma, barabara za kutoka Bunda na Butiama zilijaa watu wenye jezi nyekundu, au za kijani na njano. Watoto wa Mara hao, waliolipa nauli kutoka mifukoni mwao kwenda kuishangilia timu ya Dar es Salaam dhidi ya timu ya mkoa wao. Biashara, yaani Wanajeshi wa Mpakani, wakawa kama wapangaji nyumbani kwao. Kwa mizani ya pasipoti, nusu ya mkoa ingelala mahabusu.

Na ukweli usemwe. Wengi wanaovaa jezi ya Al Ahly hawana mapenzi yoyote na Cairo. Wanataka mtani wao alale njaa. Simba ilipofungwa 2-0 na Stella Abidjan jijini Dar es Salaam kwenye fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, mbele ya Rais Mwinyi, kipigo kile kiligeuka mtaji wa utani ambao watu wa Yanga wanautumia mpaka leo, wakiwamo ambao hawakuwa wamezaliwa. Yanga nayo ilipopoteza kwa USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 kwa sheria ya goli la ugenini, deni likalipwa kwa riba. Huo ni utani, na umeishi miaka karibu 90 bila kuhitaji afisa uhamiaji.

Lakini yapo makofi ya aina nyingine, na hayo ndiyo yanayoponzwa na kauli kama ile. Tarehe 7 Juni 2010 Brazil ilikuja Dar es Salaam ikielekea Kombe la Dunia Afrika Kusini, ikaifunga Taifa Stars 5-1. Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Wapo Watanzania waliolipa kiingilio ili wamwone Kaká, na hakuna aliyewaita wasaliti; goli la Jabir Aziz likashangiliwa kana kwamba ndilo la ushindi. Mwaka 2017 Wayne Rooney aliifungia Everton dhidi ya Gor Mahia ya Kenya, hapo hapo Dar es Salaam, na shabiki mmoja akaingia uwanjani kumkumbatia. Kuingia uwanjani ni kosa, tena la kukamatwa. Kufurahia lile shuti hakukuwa kosa.

Wenzetu nao wana kumbukumbu zao. Novemba 2005 Barcelona ilishinda 3-0 nyumbani kwa Real Madrid, na baada ya Ronaldinho kufunga goli lake la pili, mashabiki wa Madrid walisimama wakampigia makofi. Ukisikia uhasama wa timu zile mbili unaweza kudhani hadithi hiyo imetungwa. Picha zipo.

Huku Suguti mambo hayo hayahitaji Ronaldinho. Njoo kwenye ndondo ya kijiji, mbuzi amefungwa pembeni ya goli kama zawadi, mstari wa uwanja ni watu wenyewe. Kipa wa timu ngeni akipangua penalti, utaona kina mama wa kijiji mwenyeji wanampigia vigelegele, kisha wanarudi kumzomea refa. Mechi ikiisha wachezaji wa pande zote wanagombea ndoo moja ya maji. Kuna ngumi pia, tena nyingi tu, lakini mara nyingi chanzo huwa refa au dau, si yule aliyesifia kipa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, vitazamwe vitu vinavyoleta hasara kweli. Desemba 2024, Simba ilipoifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1, vurugu ziliacha viti vya Uwanja wa Benjamin Mkapa vimeng'olewa, na CAF ikaamuru Simba icheze na CS Constantine bila mashabiki. Jezi ya mgeni haijawahi kung'oa kiti.

Na kama suala ni uzalendo, Mara ina lake. Oktoba 2021 Biashara United iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam, Kombe la Shirikisho. Safari ya kwenda Libya ikakwama, marudiano hayakuchezwa, Walibya wakapita bila kutoa jasho. Wachezaji walikuwa tayari kucheza; kilichokosekana ni kufika. Uzalendo wa siku ile ulikuwa na kazi ya kufanya kwenye makaratasi ya safari na tiketi za ndege, mapema, kabla ya kumfikia shabiki jukwaani.

Maombi ni haya. Wizara, pamoja na TFF na Bodi ya Ligi, itoe mwongozo wa maandishi kwa walinzi wa viwanjani: rangi ya jezi si kosa, kurusha chupa na kuvunja viti ni kosa. Viwanja vya mikoani, Karume ukiwamo, vitengewe jukwaa la wageni linalojulikana, ili aliyesafiri na timu yake akae kwa amani, na mwenyeji anayetaka kukaa naye asisukumwe. Na klabu inayofuzu mashindano ya Afrika, hata ikitoka Musoma, ipewe afisa wa serikali wa kuifuatilia vibali vya safari tangu siku droo inapopangwa.

Mwongozo huo ukitoka kabla ya msimu ujao kuanza, nakala moja itumwe Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Itabandikwa kwenye vibanda umiza, chini ya ratiba ya mechi.

Wako katika michezo,
Wapenzi wa soka, Suguti.