Sonda ya okazyo: kwanza sufuria, halafu pesa

Juma lililopita mama mmoja wa chama alituletea swali. Gari yake, Toyota ya zamani, ndiyo inayolisha jamaa: asubuhi inapeleka watoto shuleni, mchana inafanya taksi hapa Bukavu. Sasa imeanza kunywa esansi kupita kawaida na bomba linatoa moshi mweusi. Fundi amesema sonda ya joto imeharibika, na anaweza kumpatia ya okazyo kwa bei ndogo. Je, piesi iliyotolewa katika gari ya mtu mwingine inaaminika? Minervali ya watoto wanne inatoka katika gari hiyo, kwa hiyo swali si dogo.

Tulimjibu kwamba inaweza kuaminika, mradi ipimwe kabla ya kulipwa. Na kuipima ni kazi ya jikoni, haitaki garaji.

Sonda hiyo ni kidude cha shaba kama kidole, kimefungwa pale maji ya motere yanapopita. Ndani yake mna kitu kinachozuia umeme: maji yakiwa baridi kinazuia sana, yakipata moto kinazuia kidogo. Kompyuta ya gari inasoma hapo na kuamua esansi ipite kiasi gani. Sonda iliyochoka ikisema motere ni baridi wakati ni ya moto, kompyuta inamwaga esansi kama kila saa ni saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo sababu ya moshi ule. Tena sonda inayodanganya hivyo mara nyingi haiwashi taa yoyote mbele ya dereva; taa huwaka zaidi pale waya umekatika kabisa.

Lakini angalieni: katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna vidude viwili vinavyofanana. Chenye waya mbili kinazungumza na kompyuta. Chenye waya moja kinasukuma mshale wa joto tu, ule anaouona dereva. Huyu wa pili akifa, mshale unaweza kulala chini huku motere inaungua, na joenti ya kulasi ikiungua, bei yake si ya sonda tena. Kwa hiyo muulizeni fundi: ni ipi unayotaka kubadilisha? Asiyeweza kuwaonyesha kwa kidole, msimpe pesa.

Sasa sufuria. Azimeni multimetre, kile kipimo cha mafundi wa umeme. Tieni ncha ya shaba ya sonda katika maji, ile sehemu ya plagi ibaki juu, kavu, na mshike waya za kipimo kwenye meno yake mawili. Kwa Toyota nyingi, maji ya nyuzi 20 yanatoa omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Namba ishuke polepole kadiri maji yanavyopata moto, bila kurukaruka. Gari za kampuni nyingine zina namba zao, zimeandikwa katika kitabu cha gari. Msitumie kipimajoto cha homa: kinaishia nyuzi 42, katika maji ya moto kitapasuka. Kama hamna kingine, ngojeni maji yachemke. Huku kwetu, kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kitabu cha shule kinavyosema, na hapo sonda nzuri inasoma karibu na omu 200. (Wanafunzi wetu wa sekondari wanalipenda somo hili kuliko yote ya mwaka, kwa sababu lina sufuria.)

Pimeni pia ile ya zamani. Mara nyingine sonda ni nzima, na ni plagi yake tu iliyoota kutu ya kijani. Kuisafisha hakugharimu kitu.

Kwa yule mama, muuzaji alileta sonda tatu. Zote ziling'aa. Moja ilibaki juu ya omu 1,500 hata maji yalipochemka, nyingine ilirukaruka, ya tatu ikashuka vizuri. Alinunua ya tatu. Ya zamani tuliipima pia: ilikuwa imekufa kweli, fundi hakumdanganya, na hilo nalo ni vizuri kulijua. Kwetu sisi, okazyo iliyotoka katika gari yenyewe na kupimwa ni afadhali kuliko mpya ya bei ya kutupa ambayo hakuna aliyeipima. Uzi wa kufungia, umbo la plagi na hesabu ya meno lazima vifanane. Kitu kimoja tu kinunuliwe kipya, nacho ni rondeli yake.

Kuifunga ni kazi ya fundi, lakini simameni karibu. Motere iwe imepoa kabisa. Kifuniko cha radiatere kikifunguliwa moto, maji yanaruka usoni, na tumeona mikono ya vijana wa garaji ikiungua hivyo. Fundi asikaze kwa nguvu, shaba inakatika. Akishaongeza maji, aache motere izunguke kifuniko kikiwa wazi tangu baridi, mpaka hewa itoke. Sonda ikikaa katika hewa itadanganya tena, na mtaambiwa okazyo ni mbaya.

Na yale maji ya kijani yanayotoka, msiyaache katika beseni uani wala kuyatia katika chupa ya Fanta. Ni matamu na ni sumu. Mtoto au mbwa akinywa anaweza kufa. Sufuria ya kupimia nayo isirudi kwenye chakula.

Multimetre ya chama iko kwa mtunza-hazina. Mama anayeihitaji aandike jina katika daftari na airudishe kesho yake kabla ya saa nne, kwa kuwa wengine wawili wameshaiomba.