MBOLEA HAIHARIBU VIAZI, KINACHOHARIBU NI KUTOPIMA

*TAARIFA YA KATIBU KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Tuko kwenye uandikishaji wa mbolea ya ruzuku, na vijiweni yanazunguka maneno. Baadhi yanatoka kwa wanachama wenzetu: kwamba mbolea ya dukani inafanya viazi viwe vya maji, inaua udongo, na kwamba ardhi yetu ya Kusini haihitaji mbolea. Wapo waliokataa kuandikwa kwa sababu hiyo. Ofisi ya tawi haiwezi kunyamaza.

*1. Tuseme ukweli kwanza.* Wanaolalamika wana jambo waliloliona. Mtu amemwaga urea kwenye matuta ya viazi vitamu, majani yakatanda shamba zima, siku ya kuchimba akakuta vizizi vyembamba. Hilo hutokea. Lakini tusome mfuko kabla ya kuuhukumu. Urea ya kilo 50 ina kilo 23 za naitrojeni. Potashi, sifuri. DAP ya kilo 50 ina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Potashi, sifuri. Naitrojeni ni ya majani. Potashi ndiyo inayosaidia chakula kitoke kwenye majani kishuke kwenye kiazi na muhogo kiwe wanga. Ukizidisha ya kwanza na kuikosa ya pili, utavuna matembele. Viazi mviringo navyo, naitrojeni ikizidi, huchelewa kukomaa, huwa na maji na havikai ghalani.

Kwa lugha ya hesabu: viazi na muhogo hubeba potashi nyingi sana. Kila gunia linalotoka shambani kwenda Nachingwea mjini ni fedha iliyotolewa benki. Mkulima anayeweka naitrojeni peke yake anajaza akaunti moja huku nyingine ikikauka, halafu anailaumu benki.

*2. Wanaosema mbolea inaharibu viazi, chipsi wanazokula mjini zinatoka wapi?* Viazi vile vinatoka Njombe na Mbeya, na wakulima wa kule wanatumia mbolea. Na sisi wenyewe, mkorosho tunaupulizia salfa kila msimu kuzuia ubwiriunga. Hatusemi salfa inaua mkorosho, kwa sababu tulijifunza kipimo na wakati wake. Mbolea nayo ina kipimo chake.

*3. Nachingwea haihitaji kuhadithiwa hasara ya kutopima.* Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na hapa kwetu. Matrekta walikuwa nayo, fedha walikuwa nazo. Walianza kufyeka kabla hawajaujua udongo na mvua. Mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango, mamilioni ya pauni yamepotea. Kama Serikali nzima ilianguka kwa kutopima, mwenye ekari mbili atasalimika vipi?

*4. Sasa upande wetu.* Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23, mfuko wa urea na wa NPK ulikuwa bei moja, shilingi 70,000, wakati urea bila ruzuku ilikuwa inapita 120,000. NPK ya 17-17-17 ina kilo 8.5 za kila kirutubisho, potashi ikiwemo. Kwa nini basi kwenye muhogo na viazi tunaomba urea tu? Ni kwa sababu ndiyo tuliyoizoea.

Lipo na baya zaidi. Mtu anayeandikisha ekari tano wakati analima moja, ili mifuko minne aiuze, anamwibia jirani yake. Kadi ya Chama haitamkinga.

*5. Tawi linaelekeza:*
- Kila mwanachama anayelima aandikwe, kwa ekari zake halisi. Asiyeandikishwa atanunua bei ya dukani.
- Mabalozi wakusanye majina ya wanaolima viazi na muhogo, ili tumwombe bwana shamba wa kata achukue udongo ukapimwe. Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, kazi yake ni udongo. Tuombe kwa maandishi, tudai majibu kwa maandishi.
- Wakati tunasubiri, samadi iliyooza na majivu ya jikoni viende shambani. Majivu yana potashi, na ni bure. Yawekwe kwa kiasi, yasichanganywe na urea.
- Mabua na majani tusichome. Moto unapoteza naitrojeni tuliyoilipia.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye kikao cha tawi, pamoja na hesabu yake: ameweka mbolea gani, kilo ngapi, amevuna magunia mangapi. Maneno ya kijiweni yasiyo na hesabu yasituondolee chakula mezani.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi,*
*Mkotokuyana*