Kasa wa Rongui Hawamo Kitabuni

Vitabu vya samaki wa Bahari ya Hindi vinasimulia kisa cha sokoni Unguja. Mvuvi alileta samaki mdogo wa mwambani, rangi yake samawati iliyokolea, mwilini ana mistari myeupe iliyojipinda. Mtu mmoja akamgeuza, akautazama mkia, akasoma upande mmoja shahada na upande wa pili onyo la Mwenyezi Mungu. Samaki wa senti moja akapanda bei hadi, inasemekana, rupia 5,000. Kwa Kiingereza mpaka leo anaitwa samaki wa Qur'ani. Wataalamu humwita Pomacanthus semicirculatus, naye anaishi katika matumbawe kuanzia Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Sijui kama mnunuzi yule aliambiwa jambo moja: mistari ile ni ya utotoni. Samaki akikua, mistari inafifia na kupotea, anageuka rangi ya kijani na manjano yenye madoa. Aya, kama ni aya, inajifuta yenyewe.

Mnunuzi yule nimemsamehe. Alitoa fedha zake mwenyewe na hakumdhuru mtu. Ugomvi wangu ni na mjukuu wake, ambaye siku hizi hendi tena sokoni bali yuko kwenye kipaza sauti na kwenye simu zetu, akituambia kwamba kila kinachogunduliwa na wataalamu wa wanyama kilikwishaandikwa Kitabuni, na kwamba huo ndio ushahidi wa ukweli wa Kitabu. Imani hii imeenea mno pwani yetu, kutoka Lamu hadi Palma, kiasi kwamba ukiitilia shaka unaonekana umekitilia shaka Kitabu chenyewe. Mimi naitilia shaka, na swala tano sijaziacha.

Wala si imani ya mababu. Daktari Mfaransa Maurice Bucaille alichapisha mwaka 1976 kitabu chake cha kulinganisha Biblia, Qur'ani na sayansi. Ahmed Deedat wa Durban akalipa jukwaa la mijadala umaarufu. Na tangu miaka ya 1980 viwanja vya Tanzania vikajaa mihadhara, Waislamu na Wakristo wakirushiana wanyama. Tafsiri ya Al-Muntakhab aliyoitia Kiswahili Sheikh Ali Muhsin Barwani nayo ina maelezo ya kisayansi pembeni mwa aya. Kwa hiyo tunazungumzia mtindo wenye umri wa miaka hamsini hivi, uliovikwa kilemba cha miaka elfu na mia nne.

Chukua nyuki. Mhubiri husema: katika Sura ya An-Nahl nyuki anasemeshwa kwa vitenzi vya kike, na sayansi ya leo imethibitisha kuwa nyuki wafanyakazi ni majike. Muujiza! Lakini Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405 na aliyekusanya kitabu kikubwa cha wanyama kwa Kiarabu, alikuwa ameisoma sura hiyo maisha yake yote, kwa lugha yake mwenyewe, na bado kiongozi wa mzinga kwake alikuwa mfalme. Vitenzi alivijua kuliko mhubiri yeyote wa YouTube, ila hakuna alichovumbua ndani yake, kwa sababu si kazi ya sarufi kupasua nyuki. Kazi hiyo aliifanya Mholanzi Jan Swammerdam katika karne ya 17: alimweka "mfalme" chini ya hadubini, akamfungua, akakuta mayai.

Buibui ni mfano mbaya zaidi. Sura ya Al-Ankabut, aya ya 41, inamfananisha anayetegemea miungu mingine na buibui aliyejijengea nyumba, na kwamba hakuna nyumba dhaifu kuliko hiyo. Kila aliyefagia pembe za dari anaelewa. Kisha ikajulikana kwamba uzi wa buibui, uzito kwa uzito, una nguvu kuliko chuma cha pua. Je, wahubiri wa miujiza walinyamaza? Hata kidogo. Wakasema udhaifu uliokusudiwa ni wa familia, kwani jike humla dume. Sasa nauliza: kama uzi ungebainika kuwa dhaifu, wangesema muujiza, ulipobainika kuwa imara, wakasema muujiza. Hoja isiyoweza kushindwa na matokeo yoyote haithibitishi chochote. Na la kusikitisha ni kwamba aya yenyewe imetamka wazi kuwa huo ni mfano. Waliambiwa habari za kumtegemea Mungu, wao wakaenda kupima uzi.

Ukiwabana sana hukimbilia Sura ya Al-An'am, aya ya 38, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu hakupuuza kitu Kitabuni. Basi, wanasema, yote yamo. Aya hiyo, kwa bahati, inazungumzia wanyama: kwamba kila kiendacho ardhini na kila ndege ni umma kama sisi. Lakini wafasiri wa kale Tabari na Ibn Kathir, ambao hawakuwa na haja ya kumshangaza mtu, walikielewa Kitabu hicho kuwa kile kilicho kwa Mungu, elimu Yake isiyosahau kiumbe hata kimoja; hawakukifanya orodha ya wanyama iliyo mkononi mwetu. Na Sura ya An-Nahl, ile ile ya nyuki, ikishataja farasi, nyumbu na punda, inaongeza kwamba Yeye huumba msivyovijua. Kitabu chenyewe kimekiri kuwa kuna viumbe hakikuvitaja. Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliwakemea wanaoipakia Qur'ani elimu za kila aina. Al-Ghazali kabla yake alionya kwamba anayeitetea dini kwa kubishana na hesabu za kupatwa kwa jua anaidhuru dini kuliko adui yake. Hawa si wazungu.

Sasa njoo Rongui. Ni kisiwa kidogo cha kaskazini mwa Msumbiji, upande wa Palma, jirani ya kisiwa cha Vamizi, ambako kasa uziwa na ng'amba hupanda ufukweni usiku kutaga. Jike huchimba shimo, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, hurudi baharini, huku machozi yakimtiririka. Machozi hayo yamewahi kuhubiriwa kuwa toba, uchungu wa mama, kila kitu. Mwaka 1958 Knut Schmidt-Nielsen na Ragnar Fänge walionyesha kuwa ni tezi karibu na jicho inayotoa chumvi ya ziada mwilini. Kasa huitoa hata akiwa baharini, ila huko hatumwoni. Na watoto watakaotoka baada ya miezi miwili hivi, nani ataamua kama ni madume au majike? Mchanga. Ukiwa na joto la chini ya nyuzi 29 hivi, madume huzidi. Joto likipanda zaidi, majike. Jambo hili la ajabu lilionekana kwa mara ya kwanza katika mayai ya mjusi wa jamii ya agama, huko Dakar, mwaka 1966, na mtafiti Madeleine Charnier. Dakar ni mji wa Waislamu, wenye vyuo vya Qur'ani kila mtaa. Hakuna aliyelisoma katika msahafu, na msahafu haukupungukiwa na kitu.

Kama mchanga unazidi kupata joto, jambo hilo lina maana kubwa kwa Rongui: ufukwe unaweza kuendelea kutoa watoto wa kasa kwa miaka mingi huku madume wakipungua kimyakimya. Atakayeligundua ni kijana wa Kimwani anayepima joto la kiota na kuandika daftarini. Kijana aliyefundishwa kwamba yote yamekwisha kuandikwa atainama kufanya nini? Simtwishi mhubiri wa nyuki dhambi za wengine. Lakini huku Cabo Delgado, jimbo la Rongui na Palma, tunakumbuka kwamba kundi la wapiganaji lililoushambulia mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017 lilianza kwa kuwaambia wafuasi wawatoe watoto wao shule za serikali.

Wanaokejeli nao wasichekelee. Katika mihadhara, Walawi sura ya 11 imegeuzwa uwanja wa kupigia ngumi: sungura na wibari wanaocheua, popo katika orodha ya ndege. Mwislamu anacheka, Mkristo anajibu kwamba sungura hula kinyesi chake laini ili kimeng'enywe mara ya pili, jambo ambalo ni kweli na halisaidii, kwa kuwa wibari hana hata hilo. Wote wawili wamekosea mlango. Ile ni sheria ya nini kiingie chunguni, imepanga wanyama kama wanavyoonekana na mchungaji. Mafakihi wetu wa Kishafii walifanya vivyo hivyo: kasa wakamweka pamoja na chura na mamba, kwa kuwa anaishi nchi kavu na majini, wakamharamisha, Wamaliki wakamhalalisha. Nani aliyewahi kusema Imam Malik alifeli baiolojia?

Kilele cha biashara hii ya kuitafutia dini ushahidi kwa wanyama kilikuwa Istanbul, mwaka 2006, pale mwandishi Mturuki Harun Yahya alipochapisha atlasi yake nene ya kupinga mageuko ya viumbe na kuisambaza bure duniani. Baadhi ya picha za wadudu "hai" ndani yake zilikuwa za chambo bandia, na ndoana inaonekana. Mvuvi yeyote wa Rongui angeicheka kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Atlasi hiyo imejaa hoja za visukuku na viumbe vya kale vinavyoishi mpaka leo, na silikanti, ambaye Wakomoro humwita gombesa, ndiye samaki anayependwa zaidi katika hoja za namna hiyo. Alidhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini Desemba 1938, kisha Anjouan mwaka 1952, na baadaye Msumbiji, Malindi na Tanga. Mwaka 2021 watafiti waliosoma magamba yake walikadiria kuwa huishi karibu karne na hubeba mimba miaka mitano hivi. Siku ya pili baada ya habari hiyo nilitegemea kusikia aya, na sina shaka itapatikana. Ila mpaka sasa watafiti hawajapata mahali majike wa gombesa wanapozalia. Mhubiri anayeamini kuwa yamo yote na atutajie leo, kabla ya nyambizi kushuka: kina cha mita ngapi, na pwani ya nchi gani.