Kabla ya kubeba bomba, jifunze kwa wanaohesabu mwewe

Kuna watu Marekani ambao kila mwaka, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Desemba, wanapanda mlima, wanakaa juu ya mawe kutwa nzima na kuhesabu mwewe wanaopita. Wengi wao hawalipwi hata senti, wanajitolea tu. Najua kijana mwenye ekari mbili za nyanya na mkopo wa pembejeo shingoni akisikia hivyo atasema hao wamekosa kazi. Mimi naona tofauti. Wanachofanya wale ndicho wakulima wetu wengi wa biashara wanakiruka, na kukiruka kunawala mtaji kila msimu.

Mlima wenyewe unaitwa Hawk Mountain, uko jimbo la Pennsylvania. Wakati sisi tunasubiri mvua za vuli, kwao majani yanapukutika na baridi inaingia, kwa hiyo mwewe, kozi na tai wanahamia kusini. Upepo ukigonga safu ya milima unapanda juu, na ndege hao wanaupanda kama gari, bila kupiga mabawa sana. Ndiyo maana wanapita pale kwa wingi.

Zamani wingi huo uliwaponza. Wawindaji walipanda mlimani kuwapiga risasi kwa mamia, maana mwewe alihesabiwa kuwa adui wa kila mfugaji wa kuku. Jimbo lenyewe lilifikia kulipa dola 5 kwa kila mwewe wa aina fulani aliyeuawa. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, alikodi eneo lile na kumweka Maurice Broun alilinde. Broun hakuishia kufukuza wawindaji. Alianza kuhesabu ndege na kuandika.

Utaratibu hauna maajabu. Mnakaa mahali palepale na darubini. Kila saa mnaandika: wamepita wangapi, wa aina gani, wakubwa au wachanga, upepo unatoka wapi, mawingu yakoje. Saa ambayo hakupita hata mmoja, mnaandika sifuri. Mwaka unaofuata mnarudia vilevile. Anayejitolea anafundishwa kwanza kutambua ndege kwa umbo la bawa na mkia, kwa sababu hesabu ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa hesabu.

Sasa sikia ilivyolipa. Kati ya mwaka 1935 na 1939, katika kila tai 100 wenye kichwa cheupe waliopita pale, karibu 40 walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 wachanga walishuka hadi 20. Mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja tu kwa kila wakubwa 32. Tai anaishi miaka mingi, kwa hiyo mtu anayetazama juu bila daftari angesema tai wapo, shida iko wapi? Shida ilikuwa kwa watoto. Wazee walikuwa wanaendelea kuruka, lakini nyuma yao hakuna kizazi.

Rachel Carson alizitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, kilichohoji matumizi ya DDT. Baadaye ilieleweka vizuri: DDT iliingia kwenye maji, ikaingia kwa samaki, tai wakala samaki, na maganda ya mayai yao yakawa membamba hadi yakavunjika kabla ya kuanguliwa. Marekani iliipiga marufuku DDT kwa matumizi ya kilimo mwaka 1972. Tai wakaongezeka, na mwaka 2007 wakatolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Daftari la mlimani halikutaja DDT. Lilisema tu kwamba watoto hawapo, na hapo watu wakapata pa kuanzia kuuliza.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi wenye mashamba. Kuna mwewe anaitwa Swainson. Anazaliana Amerika Kaskazini, kisha anasafiri hadi nyanda za Argentina. Miaka ya 1990 watafiti waliona baadhi yao hawarudi. Wakawafunga vifaa vya setilaiti, wakawafuata hadi kule. Katika msimu wa 1995 na 1996 wakaokota mizoga karibu 6,000, na makadirio ya waliokufa yakafika 20,000. Wakulima walikuwa wamepulizia monokrotofosi kuua panzi, na mwewe wale chakula chao kule ni panzi haohao. Yaani kibarua amekuja mwenyewe, hadai posho, anakula panzi kutwa, halafu mwenye shamba anamuua pamoja na panzi. Argentina baadaye ilikuja kuipiga marufuku dawa hiyo.

Usidhani hayo ni ya mbali. Batumi, nchini Georgia, kati ya milima na Bahari Nyeusi, watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakihesabu tangu 2008, na kila msimu wanapita ndege wa jamii hii zaidi ya milioni moja. Baadhi yao wanakuja Afrika Mashariki. Kozi wa Amur naye anatoka mashariki ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi hadi huku. Wanafika wakati wa vuli, mvua inapotoa kumbikumbi, na panzi nao wapo. Hesabu inayoanzia kwa wenzetu inamalizikia kwenye mashamba yetu, kwenye dawa tunazopulizia sisi.

Maoni yangu ni haya: mkulima asiyehesabu hana haki ya kusema ndege hawana faida kwake, na hana hakika kama dawa anayonunua inamsaidia. Vijana wengi ninaowatembelea wanapuliza kwa kalenda. Jumatatu imefika, bomba mgongoni. Ukimuuliza jana aliona viwavi wangapi, anajibu "ni wengi". Wengi ni wangapi? Wiki iliyopita walikuwa wangapi? Baada ya kupuliza walibaki wangapi? Hapo kimya. Hela ya dawa imetoka, vibarua wamelipwa, na hakuna anayejua kama kulikuwa na haja.

Kwa mahindi, pita shambani kwa mchoro wa herufi W, simama sehemu tano, kagua mimea 10 kila sehemu. Andika mingapi ina dalili mpya za viwavijeshi vamizi. Kwa mahindi machanga, kiwango kinachotumika sana cha kuchukua hatua ni takriban mimea 20 kati ya 100. Na fanya kama wale wa mlimani: usiandike jumla tu, andika na umri. Kiwavi mdogo dawa inamfikia. Mkubwa ameshajificha ndani ya moyo wa mhindi, amejiziba kwa kinyesi chake, na unaweza kumaliza chupa nzima bila kumgusa. Ongeza safu moja ya marafiki wa shamba: buibui, nyigu, na ndege uliowaona wakiokota wadudu. Ukikuta sifuri, andika sifuri. Rudia wiki ijayo, njia ileile, saa ileile.

Wapo watakaoniambia, "Afisa, mwewe anamaliza vifaranga vyangu." Kweli, wapo wanaobeba vifaranga, siwezi kukataa mbele ya mfugaji aliyepoteza kumi. Dawa yake ni banda na wavu hadi kuku wakue. Kutega sumu kwenye nyama kunaua hata wale wanaokula panya wa ghala lako, na mbwa wa jirani juu yake.

Wengine watasema muda hakuna. Kukagua mimea 50 kwa mtu aliyezoea hakufiki saa moja. Linganisha na kupulizia ekari mbili, kuchota maji, kulipa vibarua, na kurudia siku kumi baadaye kwa sababu hukujua ulichokuwa unapigana nacho.

Vuli hii nunua daftari kabla hujanunua dawa. Andika tarehe, sehemu, idadi, umri wa wadudu, marafiki wa shamba na hali ya hewa. Msimu ukiisha njoo nalo ofisini, au nipigie nikija kwenye kata yenu tulifungue pamoja. Mkulima mwenye daftari la misimu mitatu nitamsikiliza hata akinipinga, kwa sababu atakuwa analijua shamba lake kuliko mimi.