Boti ya bodi mbili inapendeza, lakini gunia la Merikit halipandi

MERIKIT, Tororo – Kila foleni ya malori inapozidi Malaba, wafanyabiashara wa Tororo na Busia hurudia swali lile lile: kwa nini mzigo usipite ziwani?

Swali hilo lina msingi. Januari 2022 Uganda ilipowataka madereva walipie dola 30 za kipimo cha Uviko-19 mpakani, madereva waligoma, malori yakapanga mstari wa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na petroli ikaadimika Uganda hadi bei ikapanda vibaya mno katika baadhi ya miji. Mwenye karanga au mahindi Merikit aliona mwenyewe jinsi mpaka mmoja unavyoweza kufunga biashara ya wiki nzima.

Ndiyo maana mfanyabiashara wa huku, akipata safari ya kufuata bidhaa Dubai, Cape Town au Ulaya na kupita kwenye maonyesho ya boti, husimama muda mrefu kuliko alivyopanga. Anakuta boti nyeupe mpya ya bodi mbili, ile inayoitwa katamarani, imefungwa gatini. Muuzaji anamwomba avue viatu kabla ya kupanda. Ndani kuna sebule, jiko la gesi, friji, vyumba vya kulala kila upande, na injini mbili, moja kwa kila bodi. Watu kumi wakihamia upande mmoja, boti haiinami kwa kiasi cha kutisha. Kwa aliyezoea boti za mbao za Majanji, hapo ndipo moyo unapohamia. Watu wa pwani hawashangai sana, maana ngalawa yao yenye mbao za pembeni inasimama kwa hesabu hiyo hiyo ya upana.

Swali la kuuliza ni kama boti hiyo itabeba mzigo wa biashara hii. Jibu, kwa sehemu kubwa, ni hapana, na sababu zake mnunuzi anaweza kuziona akiwa bado gatini, kama anajua pa kuangalia.

Kibati kidogo, habari kubwa

Boti za aina hii zinazouzwa Ulaya zina kibati cha mtengenezaji, mara nyingi karibu na usukani. Kibati hicho kinataja aina ya maji ambayo boti imeundwa kuyamudu, idadi ya juu ya watu na uzito wa juu wa kubeba kwa kilo. Wageni wengi hukipita wakienda kuangalia jiko.

Katamarani ya kutembelea yenye urefu wa mita 14 hivi huwa na upana wa zaidi ya mita 7, na yenyewe tupu ina uzito wa tani kama 15. Baada ya mafuta, maji na watu, kinachobaki kwa mzigo ni tani chache tu. Tuseme 3. Hizo ni gunia 30 za kilo 100. Lori la tela linalotoka Tororo hubeba tani kama 28, yaani gunia 280. Boti ya mamilioni mengi ya shilingi ingehitaji safari zaidi ya tisa kumaliza kazi ya lori moja.

Aidha, boti ya bodi mbili haivumilii kuzidishiwa. Bodi zake ni nyembamba, kwa hiyo kila tani inayoongezwa huizamisha haraka kuliko meli pana ya mzigo. Sakafu iliyo kati ya bodi hizo inakaribia maji, wimbi linaanza kuipiga kutoka chini, kasi inapotea na mafuta yanaliwa. Kilichomvutia mnunuzi siku ya maonyesho kinakuwa hakipo tena.

Ziwa Victoria lenyewe linaongeza hesabu yake. Maji yake ni matamu, na katika maji matamu chombo huzama zaidi kidogo kuliko baharini. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Na magugu maji ya Ghuba ya Winam huziba mabomba yanayovuta maji ya kupoza injini. Muuzaji wa Ulaya hana sababu ya kuyataja haya. Hajaulizwa.

Itafikaje ziwani?

Hapa ndipo ndoto nyingi hukwama. Boti yenye upana wa mita 7 ikishushwa Mombasa haiwezi kupanda barabara kama kontena. Lori la kawaida lina upana wa mita 2.5 hivi. Mzigo wa upana huo unahitaji kibali maalumu, msafara, na barabara isiyo na daraja jembamba wala nyaya za chini, kilomita mia kadhaa mpaka Kisumu.

Waliotangulia walilijua tatizo hili. SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, na iliingia majini Kisumu mwaka 1900. MV Victoria nayo ilikuja kwa vipande kutoka Scotland na kuunganishwa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Boti za kisasa za faiba hazifunguliwi hivyo. Ukiikata, umeiharibu.

Lipo pia suala la forodha, ambalo mawakala wa Malaba na Busia wanalijua vizuri. Chombo cha kubeba abiria au mizigo huingia chini ya namba 8901 ya orodha ya bidhaa, na boti ya starehe huingia chini ya 8903. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Boti yenye vitanda na jiko haigeuki kuwa chombo cha mizigo kwa sababu tu mwenyewe amekusudia kupakia karanga. Wakala aonyeshwe karatasi za boti kabla ya amana kulipwa.

Ziwa linampita Merikit

Hata boti ingefaa, ramani bado ina neno lake. Kutoka Busia hadi Kisumu kwa barabara ni kama kilomita 115. Kwa maji, mzigo wa Merikit ungeshuka kwanza kwa lori hadi Majanji, upakiwe, uzunguke nje kusini mwa Bondo, uingie Ghuba ya Winam kwa mlango wa Rusinga na Mbita, kisha urudi mashariki hadi Kisumu. Kupakia mara mbili na kushusha mara mbili, kwa safari ndefu zaidi. Mwenye mahindi hana faida hapo. Njia ya maji kutoka Majanji au Sio Port ina maana kwa anayeuza Musoma, Mwanza au Bukoba, na hao kutoka Tororo si wengi.

Mabadiliko makubwa ya ziwani yanakwenda upande mwingine kabisa, na wasafirishaji wa Tororo wangefanya vizuri kuyafuatilia kuliko kufuatilia boti nyeupe. MV Uhuru ya Kenya Railways, iliyoundwa miaka ya 1960, ilirudishwa kazini mwaka 2019 ikivusha mabehewa ya mafuta kutoka Kisumu kwenda Port Bell. Gati ya mafuta ya Kisumu ilikamilika mwaka 2018. Upande wa Uganda, kampuni ya Mahathi ilijenga matangi Bugiri-Bukasa, karibu na Entebbe, na meli yake ya MT Kabaka Mutebi II imeundwa kubeba lita kama milioni 4.5 kwa safari moja. Kwa hesabu ya lita 35,000 kwa lori, hayo ni malori zaidi ya 100.

Kila lita inayopita huko haikupita Malaba wala Busia. Haikulaza dereva Tororo, haikununua chai njiani, haikubadilisha tairi. Kwa mwenye lori la mafuta, meli ya aina hiyo ni mshindani. Kwa mwenye nafaka ni nafuu ndogo, kwa sababu foleni aliyoilalamikia inaweza kupungua bila yeye kugusa maji.

Haina maana kwamba boti ya bodi mbili haina kazi Afrika Mashariki. Boti za Kilimanjaro za Azam Marine zinazokwenda Unguja ni za bodi mbili, kadhaa kati yake zimeundwa Hobart, Australia, na kazi yao ni abiria kwa kasi. Abiria anajipakia mwenyewe, anajishusha, na analipa kwa muda anaouokoa. Gunia halifanyi hata moja kati ya hayo. Kikundi cha akiba kinachotaka kweli kuingia majini kina nafasi kwenye abiria wa visiwani na mzigo mwepesi wa bei kubwa, kwa chombo kilichoundwa papa hapa ziwani na kusajiliwa kwa kazi hiyo.

Usajili si karatasi ya kupambia ofisi. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Serikali ya Uganda ilisema haikuwa na leseni. Sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inataka kila chombo kisajiliwe na kupewa leseni, na mwenye chombo ndiye anayejibu, hata akiwa anakaa Merikit na hajui kuogelea.

Kwa sasa karanga za Merikit zinaendelea kupita Malaba juu ya Fuso, na wanaopanga safari ya kuvuka wanaulizia kwanza foleni imefika wapi.